Loji kongwe ya Edinburgh, dohani ya George Patoun, na pesa aliyotuma mdogo wako

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Edinburgh, nyumbani kwetu Tanga. Kila usiku nikitoka kibaruani napita Hill Street, mbele ya nyumba namba 19, ambayo juu ya mlango wake pamechongwa alama za ajabu. Mwenzangu wa darasani, Mskoti, aliniambia kama jambo la kawaida kwamba hiyo ni loji ya Frimasoni kongwe kuliko zote duniani na kwamba babu yake alikuwa mwanachama. Nilipomsimulia mama kwa simu alilia, akataka nihame mtaa. Na kama haitoshi, mdogo wangu aliyeko Tanga ameangukia mtu wa WhatsApp anayejiita wakala wa Frimasoni. Ameshatuma laki moja na nusu ya fomu, sasa anadaiwa laki tatu za 'bima ya kiapo', na anaambiwa akiacha katikati atapoteza mtu wa familia. Mimi yule mwenzangu amenialika nikaone. Hawa watu ni nani hasa? Wanafanya nini mle ndani? Na haya mawili yana uhusiano?"

Marahaba mwanangu. Historia nitakusimulia, lakini kwanza mdogo wako, kwa sababu loji ya Edinburgh imekaa zaidi ya miaka mia nne na haiendi popote, ila laki tatu ikishatoka leo, kesho hairudi.

Asitume tena hata shilingi. Loji ya kweli, yaani kikundi cha Frimasoni wanaokutana mahali pamoja, haina wakala, haitafuti watu WhatsApp, haibandiki karatasi kwenye nguzo za umeme na haiuzi fomu. Huyo bwana ni tapeli wa kawaida aliyevaa joho la kutisha. Anaanza na kiasi unachokimudu, kisha anadai kikubwa zaidi ili kile cha kwanza kisipotee bure, na ukisita anakuletea habari ya msiba. Mtaji wake ni aibu. Kijana atakwendaje polisi kueleza kwamba alikuwa anajaribu kuingia kwenye kundi ambalo mama yake anaamini linakula watu? Kwa hiyo ananyamaza, na akinyamaza analipa.

Mwambie asifute ujumbe wowote. Aandike namba zote na tarehe alizotuma pesa, namba ya tapeli aitume kwenda 15040, apite kwenye duka la kampuni yake ya simu, halafu aende kituo cha polisi akiwa na mtu mzima anayemwamini. Siwezi kuahidi kwamba pesa itarudi. Na kama umesikia kwamba hapati usingizi, hali chakula vizuri, au kila simu ikiita anadhani ni taarifa ya kifo, usimwambie "acha ujinga" ukadhani umemsaidia. Akae ana kwa ana na sheikh au padri wake, na hofu ikizidi wiki moja au mbili aonane na daktari. Kitisho ni cha uongo, lakini kukosa usingizi kwake ni kwa kweli.

Haya, twende Hill Street.

Mwenzako yuko karibu na ukweli. Loji hiyo huitwa Lodge of Edinburgh, kwa jina la pili Mary's Chapel, na ndiyo Namba 1 katika orodha ya Uskoti. Sifa yake ni daftari la mikutano linaloanzia tarehe 31 Julai 1599, na hakuna loji nyingine iliyo hai yenye daftari la zamani kuliko hilo. Ilikuwapo nyingine jirani, ya Aitchison's Haven, ambayo daftari lake linaanza Januari mwaka huohuo, lakini yenyewe ilikufa katika karne ya 19. Na wako watu wa mji wa Kilwinning, magharibi ya Uskoti, wasiokubali mpaka leo kwamba Edinburgh ndiyo mama. Hao nitawarudia, kesi yao inachekesha.

Sasa sikia kilichoandikwa siku hiyo ya 31 Julai 1599. Mwashi mmoja, George Patoun, alikiri mbele ya wenzake kwamba alimweka "cowan" afanye kazi kwenye dohani kwa siku mbili na nusu. Cowan kwa Kiskoti cha wakati ule ni mtu anayejenga bila kupitia mafunzo ya chama. Sisi tunaye, tunamwita kishoka. Patoun alijishusha, akaomba radhi, wakamsamehe kwa unyenyekevu wake na kwa hali yake, ila wakaonya kwamba atakayerudia, awe yeye au ndugu mwingine yeyote, sheria itamshukia bila kutazama uso wa mtu. Waliohudhuria wametajwa majina: Paul Maissoun mkuu wa chama, Thomas Weir msimamizi, na wengine wachache.

Yaani kumbukumbu kongwe ya jumba linalomliza mama yako ni kesi ya kishoka aliyepewa kazi ya bomba la moshi. Mimi kila nikiisoma namwona Patoun amekunja kofia mkononi.

Hilo ndilo la kushika kabla ya mengine yote: hawa walianza wakiwa waashi. Waashi kweli, wa mwiko na timazi. Mwaka 1598 William Schaw, aliyekuwa msimamizi wa majengo ya Mfalme James VI, alitoa kanuni za kazi kwa waashi wote wa Uskoti, na mwaka uliofuata akatoa nyingine. Ukizisoma utadhani umeingia ofisi ya ukaguzi wa ujenzi. Mwanagenzi afunzwe si chini ya miaka 7, na kwa kawaida akae mingine 7 kabla ya kuhesabiwa fundi kamili. Fundi asichukue wanagenzi zaidi ya 3 maisha yake yote bila idhini. Mtu asifanye kazi pamoja na cowan. Ipo hata kanuni ya majukwaa ya kupandia: msimamizi ambaye kwa uzembe wake jukwaa litamdhuru mtu, asisimamie jengo tena, bali afanye kazi chini ya fundi mwingine siku zote zilizobaki za maisha yake. Ningependa kuiona kanuni hiyo Kariakoo.

Basi siri ilitoka wapi?

Fikiria maisha ya mwashi wa wakati ule. Mshona viatu alikaa mtaani kwake, wateja wanamjua tangu utoto. Mwashi alifuata jengo. Kasri likiisha huku, anatembea siku nyingi kwenda kwenye daraja kule, na anafika mahali hakuna anayemjua. Cheti hana, na wengi hawakujua kusoma. Mwenye kazi atajuaje kwamba huyu amefunzwa miaka 7 na si kishoka mwenye maneno matamu? Jawabu la Waskoti lilikuwa kile walichokiita Neno la Mwashi: maneno fulani, maswali na majibu yake, na namna ya kushikana mkono, vinavyotolewa kwa aliyepokelewa lojini peke yake. Ukifika ugenini unaulizwa, unajibu, unapewa kazi au unapewa chakula na mahali pa kulala. Siri ilifanya kazi ya kitambulisho. Ikivuja, kila kishoka ni fundi na ujira wa wote unashuka. Ndiyo maana walikula kiapo, na ndiyo maana vile viapo vya kale vilikuwa na maneno makali ya kutisha, kama viapo vingi vya zama zile.

Wewe mtu wa Tanga hili lisikushangaze. Babu yangu alikuwa seremala, na hakuwa fundi mpaka alipompa mwalimu wake kilemba. Kabla ya hapo alikuwa mwanagenzi tu hata kama mlango wake ulifunga vizuri kuliko wa mkuu wake. Kanuni za Schaw za 1599 zinasema anayepandishwa kuwa fundi atoe pauni 10 kwa kasha la loji pamoja na glavu za thamani ya shilingi 10. Kule glavu, kwetu kilemba. Na kuhusu kutosema ya ndani: mama yako mwenyewe, kama alichezwa unyago, anajua mambo ambayo hajawahi kukusimulia na hatakusimulia. Wala huhitaji kudhani kwamba wanapofundana wanachinja watu. Lugha yetu nayo imetusaidia hapa, maana mwiko ni kile kifaa cha kutandazia chokaa na mwiko pia ni jambo lisilotendwa.

Kilichobadilisha loji ni wageni. Tarehe 3 Julai 1634 loji ya Edinburgh iliwapokea mabwana watatu wasiojua kupanga jiwe juu ya jiwe: Lord Alexander, ndugu yake Anthony Alexander, na Sir Alexander Strachan. Mwaka 1641 jeshi la Waskoti likiwa limeushika mji wa Newcastle, waashi wa loji hiyo waliokuwa jeshini walimpokea Robert Moray hukohuko vitani. Huyu Moray baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Royal Society ya London mwaka 1660, ile jumuiya ya wanasayansi. Walitafuta nini? Jiometri ilikuwa elimu ya heshima, na waashi walisifiwa kuwa nayo. Tena kanuni za Schaw zilimtaka msimamizi awapime waashi katika sanaa ya kukumbuka, elimu iliyowavutia sana wasomi wa wakati huo. Waashi nao walipata walinzi wakubwa na mifuko minene. Kidogo kidogo mabwana wakawa wengi, waashi wakawa wachache ndani ya nyumba yao wenyewe.

Halikupita bila ugomvi. Mwanzoni mwa karne ya 18 mafundi wa ujira wa Edinburgh waligombana na wakubwa wao juu ya hesabu za fedha na juu ya nani ana haki ya kutoa Neno la Mwashi. Wawili walitupwa jela. Kesi ilikwenda kwa waamuzi, na mwaka 1715 ikaamuliwa kwamba mafundi wa ujira wanaweza kukutana wenyewe na kulitoa Neno. Loji yao ipo mpaka leo, Namba 8. Ukitaka kuielewa historia ya Frimasoni, mgogoro huo wa vibarua na matajiri wao utakufaa kuliko video zote unazotumiwa.

Tarehe 30 Novemba 1736 loji nyingi za Uskoti zilikutana Edinburgh, katika kile kikanisa cha Mary's Chapel kilichoipa loji jina lake, zikaunda Loji Kuu ya Uskoti. London walikuwa wametangulia, Juni 1717, kwenye baa. Kikanisa chenyewe kilibomolewa katika karne hiyohiyo kupisha daraja la South Bridge, na loji ilikuja kuhamia Hill Street mwishoni mwa karne ya 19. Na wale wa Kilwinning? Mwaka 1743 walijitoa kwa hasira baada ya Edinburgh kuwekwa mbele yao. Mwaka 1807 wakarudi, lakini namba 1 ilikuwa imeshachukuliwa. Wakapewa Namba 0. Mpaka leo wanajivunia sifuri yao.

Unauliza wanafanya nini ndani. Zaidi, mwanangu, wanafanya kikao. Wanasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, wanapitia mapato na matumizi, wanajadili nani mgonjwa na mjane gani asaidiwe. Akiwapo mtu wa kupokelewa, wanaigiza hadithi ya ujenzi wa Hekalu la Suleiman, na kila mmoja anasema sehemu yake kwa kichwa bila kusoma. Madaraja ni matatu: mwanagenzi, fundi, na fundi mkuu, na hilo la tatu halikuwapo zamani, lilizuka katika miaka ya 1720. Wanavaa aproni kwa sababu waashi walivaa aproni. Bikari ni mfano wa kujiwekea mipaka, timazi ni unyoofu, pimamaji ni usawa wa watu. Mlangoni husimama bawabu mwenye upanga, ambaye siku hizi kazi yake kubwa ni kuhakikisha waliochelewa hawaingii kwa kelele. Kitabu kitakatifu lazima kiwe wazi mezani: Biblia kwa Wakristo, na anayeapa akiwa Mwislamu huwekewa Kurani. Mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi. Halafu wanakula.

Siri zenyewe zimechapishwa kitambo. Upo muswada wa Kiskoti wa mwaka 1696 wenye maswali na majibu ya kupokelea mwanagenzi, na mwaka 1730 mtu aitwaye Samuel Prichard aliyatoa madaraja yote matatu kitabuni London kwa bei rahisi.

Habari za shetani zina mwanzo wake, na mwanzo huo una jina. Mfaransa aliyejiita Léo Taxil, kuanzia mwaka 1885, aliandika vitabu vya kusisimua kuhusu Frimasoni wanaomwabudu Lusifa, akamzua na mwanamke shahidi wa mambo hayo. Viliuzwa kama njugu. Tarehe 19 Aprili 1897 aliita watu ukumbini Paris wakidhani watamwona huyo mwanamke, akasimama akawaambia kwamba yote aliyatunga. Watu walikasirika sana siku hiyo, lakini hadithi zilikuwa zimeshasafiri, na bado zinasafiri. Iluminati nao ni kitu kingine. Waliundwa Bavaria, kusini mwa Ujerumani ya leo, na mwalimu wa chuo kikuu, Adam Weishaupt, Mei 1776, wakapigwa marufuku na mtawala wa huko ndani ya miaka kumi.

Kwetu hadithi za Taxil zilikuta udongo ulio tayari. Babu zetu waliishi na habari za mumiani, kwamba wazimamoto wa mkoloni wanawakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Jumba limefungwa, wenyewe ni Wazungu na matajiri, hakuna anayeelezwa kinachofanyika humo, na watu wanapata shida wasizojua chanzo chake. Mtu gani asingetunga hadithi? Loji za Afrika Mashariki zililetwa na wakoloni na kwa muda mrefu zilikuwa za wachache. Ukumbi wa Nairobi upo Nyerere Road na bango lake linaonekana. Dar es Salaam marehemu Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Bukene kule Tabora, aliongoza Frimasoni wa Afrika Mashariki na aliulizwa maswali haya hadharani mara nyingi, akayajibu. Na kama chama hiki kingekuwa na dawa ya kulinda mali, vinu vya unga vya Chande visingetaifishwa mwaka 1967. Vilitaifishwa, naye akabaki kuviendesha kwa niaba ya serikali.

Sitaki lakini uondoke ukidhani nawapigia debe. Chama cha watu wanaoapa kusaidiana, kukiwa na wakubwa wa polisi, mahakama na biashara ndani yake, kinaweza kutumika vibaya, na kimewahi kutumika. Italia mwaka 1981 polisi walikuta orodha ya loji iliyoitwa P2 ya Licio Gelli, yenye majina ya mawaziri, majenerali na wenye benki, na serikali ikaanguka. Na wewe kijana mweusi ujue hili: Boston, mwaka 1775, Prince Hall na weusi wenzake 14 walipokelewa na loji ya askari wa jeshi la Uingereza yenye hati ya Ireland, si na wakoloni wa mjini. Ikawabidi kuomba hati yao London, ikatolewa mwaka 1784, na loji nyingi za weupe Marekani ziliwakana kwa karne mbili. Usawa wa pimamaji ulisahauliwa haraka. Wanawake nao hawapokelewi katika loji za Uskoti za aina hiyo ya Hill Street.

Dini ndilo swali ambalo mimi si mtu wa kukujibu. Kanisa Katoliki lilikataza mwaka 1738, likasisitiza tena 1983 na 2023 kwamba Mkatoliki hawezi kuwa Frimasoni. Baraza la fikihi la Makka lilitoa tamko kali mwaka 1978 dhidi ya Mwislamu anayejiunga huku akijua uhalisia wao. Frimasoni wenyewe wanasema wao si dini. Viongozi wa dini wanajibu kwamba chama chenye madhabahu, kiapo na mafundisho juu ya Muumba hakiwezi kujivua neno hilo kirahisi, na hoja hiyo ina uzito. Hukuniambia wewe ni wa dini gani. Kabla ya hatua yoyote zaidi ya kutazama, kaa na kiongozi wako wa dini.

Kutazama, nenda. Anza na jengo la Loji Kuu, 96 George Street, dakika chache tu kutoka unapopita usiku. Lina makumbusho, unaingia kama mgeni mwingine na kuuliza utakalo. Mwaliko wa mwenzako ni wa adabu na kuukubali si kujiunga. Kujiunga kwenyewe ni kazi: uombe mwenyewe, upate wanachama wawili wa kukudhamini, uhojiwe, kisha upigiwe kura ya siri kwa vipira, ambapo vyeusi vinaweza kukufungia mlango. Halafu unalipa wewe, ada ya kuingia na ada ya kila mwaka, na hakuna anayekulipa. Mwanafunzi anayefanya kibarua usiku ana matumizi mengine ya pesa hiyo, kwa maoni yangu. Ukifika hatua ya kufikiria, omba uyasome maneno ya kiapo kabla hujayasema. Wakikunyima, una jibu lako.

Kwa mama usianze na Schaw wala Moray. Mpigie mchana, akiwa ametulia, umsimulie dohani ya George Patoun. Kama amewahi kujenga nyumba Tanga, basi ameshawahi kupewa kishoka badala ya fundi. Halafu mweleze habari ya mdogo wako mapema, kabla hajaisikia kwa jirani, maana huyo kijana kesho anahitaji mtu wa kumsindikiza kituoni.